Cluny: Kanisa Lililogeuzwa Machimbo ya Mawe

Basi kutoka Mâcon, Ufaransa, lilinishusha asubuhi Cluny, mji wenye magofu ya kanisa la abasia ya kale ya Wabenediktini, baada ya mashamba ya mizabibu na ng'ombe weupe njia nzima. Mimi ni mtoto wa Peramiho, nimekua nikiamshwa na kengele za Wabenediktini, kwa hiyo nilikwenda kama anayekwenda kwa babu.

Nilikaribishwa na uwazi. Unasimama palipokuwa lango kuu, mbele yako vimebaki vitako vya nguzo, na kule mbali kuna mnara. Nikadhani ni wa kanisa jingine. Kumbe ni lilelile! Lilikuwa na urefu wa mita 187, karibu viwanja viwili vya mpira. Nilitaka kuzipima kwa hatua nikashindwa, maana barabara na nyumba zimelikatiza katikati.

Duke William wa Aquitaine ndiye aliyetoa ardhi hii mwaka 910, akaiweka chini ya Papa ili bwana yeyote wa jirani asiiguse. Mwaka 1088 Abate Hugh akaanza kanisa la tatu mahali hapa, na halikupata mpinzani kwa ukubwa katika Ukristo wa Magharibi mpaka Roma ilipojenga upya Basilika ya Mtakatifu Petro. Ibada zilirefuka mno, kazi nyingi za mikono zikaachiwa watumishi. Hapo nilicheka peke yangu: kwetu mtawa unaweza kumkuta karakana, ovaroli imejaa vumbi la mbao.

Nilidhani limebomolewa na vita. Wapi! Mapinduzi ya Ufaransa yaliwaondoa watawa, mwaka 1798 likauzwa kwa wafanyabiashara, nao wakalivunja taratibu wakiuza mawe, hadi 1823. Mengine yalijengea mazizi ya farasi wa serikali, hapo hapo jirani.

Kanisa lilijengwa kwa umbo la msalaba, na kilichosalia ni mkono wake wa kusini. Ingia, inua kichwa: dari liko mita 30 hivi juu, shingo inauma. Halafu nenda kwenye ghala la unga, lenye paa la mbao kama jahazi lililopinduliwa. Humo vimehifadhiwa vichwa vya nguzo za madhabahuni. Kimoja kina mtu anayepiga kinubi. Nilikaa naye muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Nikirudi kituoni nilitembea polepole, nikitazama kuta za nyumba za watu. Kila jiwe lililochongwa vizuri nililishuku.