Chembe nyeupe zimepanda na mgonjwa anavuta sigara: ninavyotenganisha moshi na saratani ya damu

Mgonjwa anaandikiwa antibayotiki, anamaliza dozi, anarudia kipimo, chembe nyeupe ziko palepale kwenye 13, yaani elfu 13 kwa kila mikrolita ya damu. Anaandikiwa nyingine. Majibu ya FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) ya namna hiyo hufika maabara yakiwa yamebanwa kwa pini, na kote hakuna aliyeandika kwamba mtu huyu anavuta sigara. Linanikera sana, maana swali moja lingemwepusha na dawa zote hizo.

Mvutaji wa kila siku huwa na chembe nyeupe nyingi kuliko asiyevuta, mara nyingi kwa robo hivi, na zinazopanda hasa ni neutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Si lazima awe na maambukizi. Moshi unachokonoa mapafu, mwili unatoa ishara za uvimbe, uboho unaitikia kwa kumwaga neutrofili kwenye damu. Na kwetu kuna jambo la kuzingatia: Waafrika wengi wana neutrofili chache tangu kuzaliwa, bila ugonjwa wowote. Kwa hiyo moshi unaweza kuzipandisha na majibu yakabaki ndani ya kiwango, mashine isiweke alama yoyote. Ndiyo maana nalinganisha majibu na ya zamani ya mtu huyohuyo kabla ya kuyalinganisha na kiwango kilichochapishwa pembeni.

Kazi ngumu ni kupata idadi ya sigara. Ukiuliza "Unavuta?" unajibiwa "Kidogo tu." Ukiuliza pakiti ngapi, anasema hanunui pakiti, na ni kweli, kwa Mangi zinauzwa moja moja. Mimi siulizi idadi. Naanza na asubuhi: "Mzee wangu, ya kwanza unaivuta kabla ya chai au baada?" Halafu ya kusubiri daladala. Ya baada ya chakula cha mchana. Za kijiweni jioni. Ya mwisho kabla ya kulala. Kila jibu napiga mstari kwenye pembe ya fomu, na yeye anaona. Aliyesema "mbili tatu" anafika 10 mwenyewe, bila kubishana na mtu. Nagawa kwa 20, idadi ya sigara kwenye pakiti, nazidisha kwa miaka: sigara 10 kwa siku kwa miaka 24 ni sawa na pakiti moja kila siku kwa miaka 12. Kisha namuuliza kuhusu shisha, kwa sababu mkaa wake unatoa kaboni monoksidi kwa wingi, na kama anashinda kwenye petroli au rangi za magari, ambako anaweza kuvuta benzeni.

Ndipo slaidi. Damu ya kichupa cha zambarau naivuta kwenye kioo ndani ya saa mbili. Ikikaa sana viini vya neutrofili vinaharibika na msomaji anadanganyika. Tone liwe dogo, kioo cha kusukumia kilale kwa nyuzi 30 hadi 45, filamu ikauke kabisa kabla ya methanoli. Unyevu ukibaki, chembe nyekundu zinaonekana na matundu yanayong'aa. Kwa mvutaji natarajia neutrofili zilizokomaa, nyingi kidogo, basi. Nikikuta blasti, yaani chembe changa kabisa ambazo hazipaswi kutoka kwenye uboho, siisingizii sigara hata kidogo, mgonjwa anakwenda kwa daktari wa damu siku hiyohiyo. Nikikuta neutrofili za kila umri, changa hadi komavu, pamoja na basofili (aina nyingine ya chembe nyeupe) nyingi, nafikiria CML, leukemia sugu ya mieloidi, na kuomba kipimo cha BCR-ABL, jeni inayoitambulisha. Bandama iliyovimba, homa zisizoisha, kukonda, fizi kutoka damu: haya nayo msiyatupie moshi.

Chembe nyekundu zina mtego wake. Kaboni monoksidi hung'ang'ania hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili unatengeneza chembe nyekundu za ziada kufidia. Hemoglobini ikizidi gramu 16.5 kwa desilita kwa mwanamume, naangalia erithropoietini (homoni inayochochea chembe nyekundu) na jeni ya JAK2 ili kutofautisha na polisithemia vera, saratani ya uboho inayozalisha chembe nyekundu kupita kiasi. Kinyume chake, mama anayevuta akiwa na 12.2 anaonekana mzima, lakini Shirika la Afya Duniani linataka mvutaji apunguziwe angalau 0.3 kabla ya kuamua. Anabaki na 11.9, chini ya 12, na huo ni upungufu wa damu. Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni, hakimsaidii mvutaji, kinahesabu kaboni monoksidi kana kwamba ni oksijeni.

Ushauri unaozagaa ni "Acha sigara usiku mmoja, kunywa maziwa, damu isafike kabla ya kipimo." Kaboni monoksidi kweli hupungua nusu kila saa 4 hadi 6 hivi. Neutrofili hazina haraka hiyo, zinahitaji wiki kadhaa au miezi, na maziwa hayafanyi lolote hapo. Anayefuata ushauri huo anapata majibu yaleyale, sasa na hofu juu yake.

Saratani ya damu inayohusishwa na sigara kwa ushahidi wa kutosha ni leukemia kali ya mieloidi. Benzeni ya moshi inavunjwa kwenye ini, mabaki yake yanafika kwenye uboho na kuvunja kromosomu za chembe mama. Hatari ya anayevuta inazidi ya asiyevuta kwa takriban asilimia 40. Ugonjwa wenyewe ni adimu, kwa hiyo wavutaji wengi hawataupata, lakini anayeupata anapambana na ugonjwa mzito. Ukiacha, hatari inashuka kadiri miaka inavyopita.

Slaidi ikiwa safi, naandika kwenye fomu tarehe aliyoacha sigara na kuomba FBP irudiwe baada ya miezi mitatu. Chembe nyeupe zikianza kushuka, tunaendelea kumfuatilia. Zikizidi kupanda ilhali ameacha, hakuna antibayotiki tena: anapewa rufaa kwa daktari wa damu, na slaidi zake zote zinakwenda naye.