Mama kaona majani mekundu New Hampshire, akauliza mvua lini

Wabongo mlioko pande hizi mnajua ikifika mwezi wa kumi Wazungu wanavyochanganyikiwa na majani. Kazini ni kuulizana tu umeshaenda kuona majani, umeshaenda kuona majani, kama vile kuna mtu anayagawa. Mi nina miaka sita hapa Lowell, Massachusetts, na sikuwahi kwenda, nilikuwa naona ni kuchoma mafuta bure, majani si haya hapa yananidondokea kwenye gari kila siku na kuyafagia nafagia mwenyewe.

Sasa mwaka jana mama alikuja kumsaidia mkwe wake na mtoto mchanga. Miezi miwili yuko ndani, dirishani anaona ukuta wa jirani, siku moja nimerudi boksi la usiku nikamsikia anamwambia shangazi kwenye simu "Marekani yenyewe ni ukuta na karo la kuoshea vyombo". Aisee niliumia. Nikaomba ofu ya Jumanne, maana wikiendi barabara ile ni foleni tupu, saa moja asubuhi tukapakia mtoto, chapati na chupa ya chai tukaondoka wanne.

Barabara yenyewe inaitwa Kancamagus, iko New Hampshire. Kutoka Lowell unapanda tu na I-93 kama masaa mawili mpaka mji wa Lincoln, hapo ndo inaanza, inakata katikati ya msitu wa serikali wa White Mountain mpaka Conway, maili 34 na nusu hivi. Ushauri wangu, jaza tanki Lincoln kabisa, maana njia nzima hamna sheli hata moja, na mtandao unakata, mi nilikuwa na robo tanki na roho ilikuwa inadunda mpaka mke wangu akanuna.

Haya, tumeingia msituni, kona ya tatu ya nne hivi mlima wote ukatokea mbele yetu, mwekundu, halafu mwekundu wa aina aina, wa damu ya mzee, wa pilipili, wa shaba, na njano imechomekwachomekwa katikati na ile misonobari inabaki kijani. Mke wangu alishatoa simu zamani. Mama kimya. Baadaye akasema, taratibu kabisa, "Eeh, kumbe na huku miyombo imechipua."

Kwa wale wa Pwani ambao hamjui, sisi kwetu ni Urambo, Tabora. Porini kwetu miyombo ikifika mwezi wa tisa wa kumi, kabla hata tone la mvua halijaanguka, inatoa majani mapya na yanatoka mekundu, pori zima linawaka, ndo baadaye yanageuka kijani. Kwa hiyo mtu wa Urambo akiona pori jekundu hapigi picha, anatafuta jembe.

Nikamwambia mama haya hayachipui, haya yanakufa. Akanijibu kitu kikifa kinang'aa hivi? Nikamwambia ndio mama, wiki mbili tu yote chini. "Kwani mvua lini?" Hamna mvua mama, inakuja theluji, mpaka mwezi wa nne huko. Akaniangalia kwa jicho lile la mtu aliyemsomesha mtoto kwa shida halafu mtoto kaenda kupigwa.

Niliporudi nikasoma kidogo nikakuta kumbe mama hajakosea sana. Siku zikiwa fupi mti unaivunja klorofili ile ya kijani, ya njano inaonekana kwa sababu ilikuwemo humohumo tangu mwanzo imefunikwa tu. Ila nyekundu hapana, nyekundu mti unaitengeneza wakati huohuo, kwa sukari iliyobaki kwenye jani, mchana ukiwa wa jua na usiku wa baridi inakolea zaidi. Na rangi hiyohiyo ndo inayopaka majani machanga ya miyombo.

Pale juu kabisa kuna sehemu ya kusimama, kibao kinasema futi 2,855. Wenzetu wanashangilia wanapigana picha, mi napiga hesabu, hiyo ni mita 870, wakati Tabora mjini tambarare kabisa ni kama 1,200, ina maana mama alikuwa ameshuka. Akauliza hilo jina Kancamagus ni la nani, nikamwambia mtemi wa Wapennacook, wenyeji wa huku, alipigana na Waingereza miaka ya 1680 huko. "Kama Mirambo." Kama Mirambo mama. "Na watu wake wako wapi?" Nikawasha gari.

Kilichomuuma zaidi ni mizinga. Bibi yangu alikuwa wa asali, na kwetu miti mingi imeishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, kwa hiyo mama kila akiona mti mnene anauliza hapa hamna hata mzinga mmoja? Msitu wote huu? Kuna daraja la mbao la mwaka 1858 lina paa kama nyumba, hata hakushuka, akasema lifunikwe daraja nyuki wasiwe na nyumba. Conway nikamnunulia shira ya mti wa mepo ndo akatulia kidogo, alipoonja akauliza wanarinaje, nikamwambia wanatoboa mti, lita 40 za maji yake wanachemsha zinabaki lita moja. Akasema kuni zote hizo! Asali inakuja imeshaiva.

Hapo Conway mtandao ukarudi, akatuma picha kama 30 kwenye grupu la ukoo. Urambo ni saa nne usiku lakini mjomba hajalala, akarudisha voisi: "Dada, mbona yenu yamechelewa? Huku yameshageuka kijani, watu wameanza kusafisha mashamba."

Mama akabonyeza akajibu, "Hawa hawalimi. Wanakuja kuangalia tu."