Lubumbashi: nimeenda kuangalia posta, nikakamatwa

Naanza na tiketi maana bado inaniuma. Bukavu mpaka Lubumbashi usiniambie habari ya barabara, ni ndege tu, na kwa bei ile ya ndege kwetu mtu anafanya harusi ndogo. Siku tatu za kwanza siziongelei, ni kazi, vumbi na bukari. Ugali sisi tunauita bugali, wao bukari, nilibishana nao mpaka nikachoka, nikala.

Siku ya nne nikashuka mjini kuangalia posta. Wenyeji wangu walicheka, eti posta ina nini? Mimi nilikuwa na hamu juu ya Conor Cruise O'Brien, mwanadiplomasia wa Ireland aliyeletwa hapa 1961 kama mwakilishi wa Umoja wa Mataifa, mji ukiitwa bado Elisabethville na Tshombe, kiongozi wa jimbo hili la Katanga, ameshalitenga na Congo. Tarehe 13 Septemba wanajeshi wa UN wakapigania hii posta na radio, yeye akatangaza Katanga ya Tshombe imekwisha. Wapi! Iliendelea mpaka Januari 1963. Siku chache baada ya tangazo, mkubwa wake Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa UN, akafa kwenye ndege karibu na Ndola, Zambia ya leo, akienda kuonana na Tshombe, na mwaka haujaisha O'Brien ameacha kazi, tena kwa makelele.

Basi nikapiga picha mbili tu, nasikia mkono begani. Kijana wa miwani nyeusi, hana uniform. "Unapiga foto nyumba ya Leta, ruhusa iko wapi?" Leta ndiyo serikali. Amande, yaani faini, dola 20. Nikalia njaa, nikataja watoto, nikataja mpaka mama mkwe, jua linapiga kichwa, watu wamejaa wanatuangalia kama sinema, tukashuka 10, tukashuka 5. Natoa noti ya 5, anaiinua juani, anageuza, anakuta kona imepasuka padogo kama ukucha wa mtoto mchanga. "Hii haitembei." Jamani! Hata rushwa inachagua noti! Mzee mmoja anayepiga viatu rangi pembeni akamwambia "we, wacha mutoto ya batu," mwisho nikatoa franga elfu tano, kijana akaenda zake, mimi nikakaa kwenye kiti cha mzee magoti yanatetemeka.

Nikamweleza kilichonileta. Akanyamaza kidogo. "Ile vita nilikuwa na myaka kumi. Mama alitulalisha chini ya kitanda. Ndege ilikuwa moya tu, lakini ilitutesa!" Ni kweli, Katanga ilikuwa na kandege ka vita ka Fouga kalikosumbua UN wote.

"Na ule muzungu alienda wapi?"

Nikamwambia 1962 alitoa kitabu, To Katanga and Back, akasema ya kwake yote, maana hata kabla ya hapo alikuwa mwandishi, kitabu chake cha 1952 alikificha chini ya jina Donat O'Donnell. Kisha akaongoza Chuo Kikuu cha Ghana mpaka 1965, akakosana na Nkrumah kwa sababu hakutaka serikali iingize mkono chuoni, kisha uprofesa New York.

"Aliandika kama tulilala chini ya kitanda?"

Hapo nilishindwa, nikaangalia viatu. Nilikumbuka Bukavu, Juni 2004, kofia za bluu, wanajeshi wa UN, zipo mjini na waasi wanaingia vilevile, sisi chini ya kitanda na mfuko wa unga ambao mama hakutaka kuuacha sebuleni. Kwetu kila nyumba ina toleo lake la zile siku, kila ukisimuliwa mfuko unaongezeka kilo. Na wale wakubwa waliokuwa wanapita na magari meupe, nina hakika kuna mmoja leo yuko chuoni mahali anafundisha wanafunzi habari za Kivu, tena vizuri, na kile kitanda chetu hakijui.

Nikakumbuka kitu cha kumchekesha mzee: huyu O'Brien baadaye aliingia siasa kwao, na kuanzia 1973 mpaka 1977 alikuwa waziri wa nini? Wa Posta na Simu! Mzee alicheka mpaka brashi ikaanguka. "Kumbe alipenda posta!"

Viatu vyangu vilikuwa vimeshang'aa, sikuomba. Akaniuliza ile dola tano iliyokataliwa nitaifanya nini. Nikampa. Yeye anamjua mbadilishaji pesa anayezipokea, anakata kidogo tu.