Eksteno ya kompyuta ya nyumbani: nunua mbili za kawaida, achana na moja ya kifahari

Kila mwisho wa mwaka ukikaribia, likizo imefika na harusi zimepamba moto, naanza kuulizwa na ndugu na majirani eksteno (diski ya nje ya kuchomeka kwa USB) gani nzuri ya kuweka picha na video za nyumbani, kampuni gani, TB ngapi (TB 1 ni kama GB elfu moja). Jibu langu limekuwa lile lile muda mrefu sasa: hela uliyopanga kununulia moja kubwa nunulia mbili za kawaida. Wengi hawalipendi maana mtu akishaiweka moyoni ile SSD (diski ya chipu) nyembamba au TB 4 hataki tena kusikia habari za TB 1 mbili, ila nisikilizeni kwanza.

Nyumba nyingi hali ni hii, kuna kompyuta ya mezani used, ilikuwa ofisini huko Ulaya, ikashuka na kontena ikauzwa Kariakoo au Posta hapa Dar. Mashine ngumu na inapiga kazi vizuri kabisa, lakini ndani ina SSD ya GB 256 au hadi diski ya 500, hapo Windows ikae, programu zikae, kazi za shule za watoto zikae, alafu simu zote za hapo nyumbani zimejaa zinatafuta pa kumwaga mizigo. Picha zenyewe wala sio tatizo, picha moja ya simu ni MB 3 mpaka 5 hivi kwa hiyo picha elfu kumi ni kama GB 40. Kinachokula nafasi ni video. Dakika moja ya video ya 4K, ile ya ubora wa juu, inaweza kula MB 170 mpaka 350 kutegemea simu inarekodi kwa mfumo gani, yaani kichen pati ya saa 2 ukirekodi yote umeshamaliza GB 20 mpaka 40. Kuhusu kuweka mtandaoni, Google wanakupa GB 15 bure na baada ya hapo unalipia, na kwa bando zetu hizi kupandisha GB 300 sio kitu cha kumshauri mtu. Ndo maana eksteno bado ina kazi yake, na TB 1 familia nyingi inawatosha miaka kadhaa.

Habari ya kampuni msigombane. Hadi diski za sahani (zile zenye sahani inayozunguka ndani) duniani saivi zinatengenezwa na kampuni 3 tu, Seagate, Western Digital na Toshiba. Samsung waliwauzia Seagate biashara yao ya hadi diski 2011, Hitachi wakaenda kwa WD 2012, kwa hiyo hata ukikuta eksteno ya sahani ina jina lingine juu ya kasha, ukiifungua ndani utamkuta mmoja wa hao watatu. Mimi Seagate Expansion, WD Elements, Toshiba Canvio nazihesabu sawa, nachukua yenye bei nzuri na waranti ndefu siku hiyo. Anayekuambia kampuni fulani haifi kabisa ujue anaongelea ile moja aliyonayo yeye.

Kitu cha maana zaidi ni aina. Kuna ndogo za inchi 2.5, hizi zinakula umeme wa USB tu, waya mmoja basi. Kuna kubwa za inchi 3.5 ambazo zina adapta yake ya ukutani, volti 12, nafasi kubwa kwa bei nafuu kwa kila TB, ila umeme ukikatika inazima hapo hapo katikati ya kukopi, na hata kama kompyuta yako iko kwenye UPS (betri ya akiba) lazima utafute tundu jingine la hiyo adapta. Alafu kuna SSD, haina kinachozunguka ndani, ikianguka mara nyingi inapona. Hadi diski ya sahani kichwa chake kinaelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, kwa hiyo ikidondoka toka mezani huku inazunguka mara nyingi ndo basi tena, utasikia inagonga tik tik tik na hapo hata fundi mzuri atakuambia gharama ya kutoa data inazidi bei ya diski mara kadhaa.

Sasa mbona nisiseme tu nunueni SSD. Kwanza bei, hela ya SSD ya TB 1 mara nyingi inakupatia sahani ya TB 2 au zile TB 1 mbili ninazozipigia debe. Pili SSD sio kitu cha kuweka kabatini ukakisahau. Inatunza data kwa chaji ya umeme ndani ya chipu na chaji inavuja taratibu, joto likiwa kali inavuja haraka zaidi. Kiwango cha JEDEC, chama kinachopanga viwango vya chipu, kwa SSD za matumizi ya kawaida ni kukaa na data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30, na hapo wanaongelea SSD ambayo imeshachakaa kwa kuandikwa, mpya inakaa zaidi, lakini Dar nyuzi 30 ni mchana wa kawaida tu. Kama unaedit video kila siku nunua SSD kama Samsung T7 na itakufaa sana. Picha za ubatizo na video ya harusi ya shangazi hazihitaji spidi, zinahitaji kuwepo miaka 20 ijayo.

Na hiyo spidi yenyewe inategemea tundu la kompyuta yako kuliko diski. Angalia nyuma ya mashine, matundu ya USB ya bluu ni 3.0, meusi mengi ni 2.0 (sio wote wanafuata hiyo rangi ila wengi wanafuata). USB 3.0 ilitangazwa 2008 lakini Intel walianza kuiweka kwenye chipset zao (chipu kuu za bodi) 2012, kwa hiyo kompyuta za kabla ya hapo nyingi hazina kabisa. Kwenye 2.0 unapata kama MB 35 kwa sekunde, GB 500 inachukua saa 4 hivi, diski ile ile ukiichomeka tundu la bluu inaenda MB 110 na kazi inaisha kwa saa 1 na robo. SSD ya laki kadhaa kwenye tundu la 2.0 inaenda mwendo ule ule wa MB 35, hela yote ya spidi imekaa bure. Na tumia matundu ya nyuma maana yameshika moja kwa moja kwenye bodi, ya mbele yanapita kwenye waya na kwenye mashine za zamani mengi yameshalegea.

Jambo jingine wauzaji hawalisemi, diski nyingi za inchi 2.5 kuanzia TB 1 zinaandika kwa mtindo wa SMR, njia za data zinapandana kama mabati kwenye paa ili ziingie nyingi kwenye sahani moja. Kusoma haina shida ila ukikopi mzigo mkubwa kwa mkupuo inaanza vizuri, baadae inashuka mpaka unadhani imeharibika. Haijaharibika, inapanga vitu vyake, iache imalize usiichomoe. Na TB 1 kusoma GB 931 kwenye Windows pia hujaibiwa, kiwandani wanahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. TB 2 itakuonyesha TB 1.81. Nimeshaona watu wanagombana na muuzaji dukani kwa hili na muuzaji mwenyewe hajui amjibu nini.

Wizi wenyewe upo kwingine. Binamu yangu aliagiza mtandaoni SSD ya TB 16, kadogo kanaenea kiganjani, bei ya chakula cha familia wikiendi moja. Ukichomeka kweli Windows inakuonyesha TB 16 na vitu vinaingia, ila kufungua video za wiki iliyopita hazifunguki. Tukafungua kasha kwa bisibisi. Ndani kuna bodi ndogo ya sakiti, memori kadi ya simu imechomekwa, na kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi nyeupe ili mkononi kiwe na uzito. Kadi ilikuwa GB 64. Wanachofanya wanabadilisha programu ya ndani idanganye ukubwa, zikishajaa GB 64 za kweli yanayofuata yanaandikwa juu ya yaliyopo au yanapotea tu, na majina ya mafaili unaendelea kuyaona. Kwa hiyo bei ikiwa ya ajabu achana nayo, hakuna TB 16 ya elfu arobaini popote duniani.

Dukani mimi naenda na laptopu. Pale mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ukiwa mpole watu wanakuelewa. "Kaka, nalipia ila naifungua hapa hapa mbele yako naijaribu, ikisumbua unanibadilishia." Atakuambia dada hiyo mpya haijaguswa, sawa, kama ni mpya kuijaribu hakumdhuru mtu. Nachomeka, nafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kukagua afya ya diski, naangalia masaa iliyowahi kuwaka na idadi ya kuwashwa. Mpya inasoma sifuri au karibu na hapo, ukikuta masaa elfu 9 hiyo imetoka kwenye laptopu ya mtu au kwenye DVR ya kamera za ulinzi ikavalishwa kasha jipya. Namba hizo zinaweza kufutwa na mtu anayejua kazi hiyo kwa hiyo angalia na mengine, sirio namba ya kwenye diski ifanane na ya kwenye boksi, na uiingize kwenye tovuti ya kampuni uone waranti inaisha lini. Dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), bila risiti waranti ya dukani ni maneno tu. Ukifika nyumbani endesha programu ya H2testw, inajaza diski nzima alafu inasoma tena kuhakiki, inachukua masaa mengi lakini diski feki haiponi hapo, fanya hivo kabla hujaweka hata picha moja.

Haya sasa kwanini mbili. Diski yoyote itakufa, haijalishi kampuni wala bei, na mtu akihamishia picha kwenye eksteno akafuta kwenye simu na kompyuta ili apate nafasi, ile eksteno sio bakapu tena, ndo nakala pekee iliyobaki duniani. Hapa ndo naumia, maana nimekaa na watu wanalia mbele ya fundi, na kinacholiliwa ni sauti ya marehemu mama kwenye video. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ana kanuni yake inaitwa 3-2-1, nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, na 1 ikae nje ya nyumba. Kwetu inawezekana bila gharama kubwa: kompyuta yenyewe, eksteno ya kwanza inayokaa karibu nayo, na ya pili inakaa kwa ndugu. Kama unaishi Kimara na dada yako yuko Mbagala mwachie yako na yeye akuachie yake, mkikutana mnabadilishana mnaongeza mapya. Mwizi akiingia anabeba kompyuta na kila kilichochomekwa, umeme ukirudi kwa kishindo unaunguza vyote vilivyo kwenye soketi moja, virusi vya kufunga mafaili na kudai hela vinafunga na eksteno iliyochomekwa. Ile iliyo Mbagala haiguswi na chochote kati ya hivyo. Kwenye zile GB 15 za bure za Google wekeni vichache vya muhimu kabisa, vyeti, hati ya kiwanja, picha za wazee.

Kukopi tumia programu ya FreeFileSync, inalinganisha folda mbili na kupeleka yale mapya tu, kuliko kukopi na kupesti kwa mkono mpaka unasahau ulipoishia.

Fomati (namna diski inavyopanga mafaili): kama nyumbani ni Windows tu weka NTFS, kama kuna mtu ana Mac weka exFAT maana Mac inasoma NTFS ila haiandiki bila programu ya ziada. FAT32 usiweke, haipokei faili moja linalozidi GB 4 na video ya harusi toka kwa mpiga video mara nyingi inazidi hapo. Kuna tivi za zamani hazisomi exFAT, kwa ajili ya tivi tafuta flashi yake.

Na tafadhali sana, diski ya picha isiende kibanda cha movi wala steshenari. Kule inachomekwa kwenye kompyuta inayopokea flashi za mtaa mzima toka asubuhi, inarudi na virusi vya shotikati, mafolda yote yamefichwa, na ukimpa asiyejua anakuambia suluhisho ni kufomati. Ukitaka sizoni mpya peleka flashi. Kebo nayo uiangalie, hizi zenye mdomo mpana bapa zinalegea haraka, weka diski mahali haitavutwa na mtoto wala kuning'inia, na kabla ya kuchomoa itoe kwanza kwenye Windows usubiri taa itulie.

Kila baada ya miezi michache fungua tena CrystalDiskInfo uangalie mistari miwili, 05 na C5, hiyo ni sekta (vipande vya diski) zilizoharibika zikahamishwa na sekta zenye wasiwasi zinazosubiri. Zikiwa sifuri endelea. C5 ikianza kupanda usisubiri mwisho wa mwezi, nunua nyingine, kopi kila kitu toka ile iliyo nzima, na hiyo inayosumbua wape watoto waweke katuni.