Asidi ya kutengenezea bafa ya kupimia floraidi

Maji ya visima virefu vinavyochimbwa Nairobi, ambavyo wakazi wengi huvitegemea mabomba yanapokauka, mara nyingi huwa na floraidi inayopita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Anayeyapima kwa elektrodi ya floraidi (kifaa kinachohisi ioni za floraidi) hulazimika kwanza kuyachanganya na bafa, yaani myeyusho unaozuia pH (kipimo cha ukali wa asidi) isibadilike ovyo, na hapo ndipo wanafunzi ninaowasaidia huniuliza kwa nini tutumie asidi asetiki ilhali kabati la maabara limejaa asidi nyingine.

Mimi huwaomba waliache kabati kwanza, wayatazame maji. Pakiwa na asidi nyingi, floraidi hujiunga na hidrojeni na kuwa asidi hidrofloriki, ambayo pKa yake (pH ambayo nusu ya asidi huwa imeachia hidrojeni yake) ni takriban 3.17, na floraidi iliyofungwa hivyo elektrodi haiioni. Katika pH 4, kiasi cha asilimia 13 hukosa kuhesabiwa. Katika pH 5, ni asilimia moja na nusu tu. pH ikipanda mno nako, ioni za haidroksaidi huihadaa elektrodi, ikazihesabu kana kwamba ni floraidi. Kwa hiyo tunalenga kati ya 5.0 na 5.5, na asidi inayotufaa ni ile ambayo pKa yake haiko mbali na hapo kwa zaidi ya kizio kimoja.

Asidi asetiki ina pKa ya 4.76. Tuseme bafa ina jumla ya moli 0.1 kwa lita na pH yake ni 5.0: takriban moli 0.036 zitakuwa asidi, na zilizobaki zitakuwa asetati. Asidi fomiki, yenye pKa ya 3.75, yaweza kufikishwa pH hiyo hiyo, na mita itaonyesha 5.0 bila kasoro yoyote, lakini asidi iliyosalia ni moli 0.005 tu. Tofauti hiyo hujitokeza maji ya kisima yanapoingia, kwa kuwa maji yenye floraidi nyingi aghalabu huwa pia na bikabonati, nayo huila asidi. Bikabonati ya moli 0.01 kwa lita huisogeza bafa ya asetati hadi karibu 5.2, ambako bado tumo salama. Bafa ya fomati huishiwa na asidi kabisa, na pH ikapita 6.

Asidi fosforiki huwavutia wengi kwa sababu ina pKa tatu, lakini tatu hizo ni 2.15, 7.20 na 12.35, na pH 5 imeangukia katikati ya pengo, mahali ambapo fosfati haizuii karibu chochote. Isitoshe, hupenda kugandana na kalsiamu. Asidi sitriki ndiyo mshindani wa kweli: mbili kati ya pKa zake, 4.76 na 6.40, zinalizunguka lengo letu, na sitrati huing'ang'ania aluminiamu na chuma, metali ambazo zisipozuiliwa huishika floraidi. Hata hivyo napendelea asetiki, na kazi ya kuzishika metali naiachia CDTA.

Mapishi yaliyozoeleka ni mililita 57 za asidi asetiki isiyo na maji, gramu 58 za chumvi ya sodiamu kloridi na gramu 4 za CDTA, kisha sodiamu hidroksaidi hadi pH ifike kati ya 5.0 na 5.5, na maji safi hadi lita moja. (Siki ya dukani haifai, hata kama ina asidi hiyo hiyo.) Hidroksaidi imiminwe polepole, chombo kikiwa ndani ya maji baridi, kwa maana mchanganyiko hupata joto kali. Bafa huchanganywa na sampuli kwa ujazo ulio sawa, na miyeyusho ya kusawazishia elektrodi ifanyiwe vivyo hivyo.