Kukimbia bila kumngoja mama

Nilipokuja mkoa wa Iwate, Japani, kwa programu ya kubadilishana wanafunzi, nilidhani nitakachoandika zaidi ni ukuta wa kuzuia bahari. Na ukuta wa mji wa Rikuzentakata si mdogo: mita 12.5 kwenda juu, karibu kilomita 2 kwa urefu. Ukisimama nyuma yake bahari huioni. Mji huu ulipoteza zaidi ya watu 1,700 tarehe 11 Machi 2011, kwa tetemeko na tsunami, yaani mawimbi makubwa ya bahari yaliyofuata, na sehemu yake ya katikati imeinuliwa. Walikata mlima wa ng'ambo ya mto, udongo ukavushwa juu kwa juu kwa mkanda wa mashine, wakajaza kwanza ndipo wakajenga. Kazi kubwa kweli. Lakini viwanja vingi vimebaki majani matupu, maana kujaza kulichukua miaka, na watu hawakuweza kungoja kiasi hicho. Wengine walishajenga vilimani, wengine walihamia miji mingine, wazee wengine walifariki. Inauma kuona ardhi iliyoandaliwa kwa jasho namna ile ikikosa wa kuikalia.

Ila tangu tutoke mji wa Kamaishi, ukuta umenitoka kichwani.

Katika kitongoji chake cha Unosumai kulikuwa na shule mbili jirani, ya msingi na ya sekondari ya chini, karibu kabisa na bahari. Leo mahali pale pana uwanja wa raga uliotumika kwenye Kombe la Dunia la 2019. Siku ile ardhi ilipotikisika, wale wa sekondari walitimua mbio bila kungoja. Wadogo wa shule ya msingi walikuwa wameanza kupandishwa ghorofa ya tatu. Walipowaona wakubwa wanakimbia, wakashuka wakafuata. Walifika mahali palipopangwa, wakaona kingo ya mlima inamomonyoka, wakasema hapa hapafai, wakapanda tena, na kisha tena, wakubwa wamewashika wadogo mikono. Shule zote mbili zilifunikwa na maji.

Hatua chache kutoka stesheni ya Unosumai ndipo lilipokuwa jengo la kitongoji la kujikinga na maafa. Halikuwa limeteuliwa kuwa kimbilio la tsunami, ila mazoezi yalikuwa yakifanyika hapo, kwa hiyo watu wakaenda walikozoea kwenda. Inakadiriwa zaidi ya 160 walifia humo. Nilisimama pale muda mrefu. Watu hawa hawakuzembea, walifanya walichofundishwa.

Huku watoto wanafundishwa kwamba tsunami ikija kila mtu akimbilie juu kivyake, asirudi nyumbani kumtafuta mama wala ndugu. Niliposikia mara ya kwanza nilikataa moyoni. Mimi nimelelewa kwamba mkubwa haachwi nyuma. Jioni nikamwuliza mama wa familia inayonilea: na bibi je? Akaniambia bibi ndiye aliyewakalisha chini wakakubaliana, nani aende wapi, na jirani gani ampitie yeye. Akaongeza: "Mtoto akijua nimeshapanda, hatarudi kunitafuta. Na mimi nikijua yeye kapanda, sitarudi." Wengi mwaka ule walikufa wakirudi kuchukuana.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kukimbia peke yako kunahitaji mapatano ya watu wote wa nyumba, tena mapema, na anayeshindwa kutembea apangiwe wa kumbeba kabla ya siku hiyo. Bila hivyo ni kumtelekeza mtu.

Nikawaza Dar. Desemba ya mwaka uleule wa 2011 mafuriko yaliua watu, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Baadhi walirudi bondeni, kwa sababu riziki ilikuwa mjini. Shangazi yangu anaishi Kigogo, si mbali na Mto Msimbazi. Nikampigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamwuliza, maji yakija usiku, mnakutana wapi?

"Tunakutana wapi tena, mwanangu? Si tunaitana?"

Tumeongea mpaka salio likaisha. Jumapili watoto watakuwepo wote, ameahidi kuwakalisha chini wachague sehemu moja ya juu, kila mmoja aijue njia yake. Bibi hawezi kutembea tena, kwa hiyo wataanza na yeye: nani atambeba, na huyo asipokuwepo, nani.