Simu ya Kariakoo ikifika Ohio

Ndugu wanaojiandaa kuja Marekani huniuliza habari za jaketi na viatu vya baridi. Mimi huanza na simu. Namwambia mtu: bonyeza *#06#, nitumie namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, halafu piga picha jina la modeli nyuma ya boksi, lile refu lenye herufi na tarakimu, tuone kama itapiga huku. Wengi hushangaa. Simu mpya, laini mbili, 4G imeandikwa kwenye boksi, isipige kwa nini?

Kabla ya kuhamia Columbus, Ohio, nilikuwa fundi simu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, na pale mezani hakuna mteja aliyekuwa anaulizia masafa, yaani mawimbi ya redio ambayo simu inayatumia. Nyumbani Tanzania 2G iko 900 na 1800 MHz, 3G iko 2100 na 900, na simu zinazoletwa sokoni zimetengenezwa kwa hayo. Uko kwenye 4G unaperuzi, shangazi akapiga, simu inashuka yenyewe mpaka 3G au 2G, mnaongea, ukikata inapanda tena. Ndiyo maana simu nyingi intaneti hulegea ukiwa unaongea. Mwenye simu hana habari, wala hahitaji kuwa nayo.

Huku, kwenye makampuni makubwa matatu ya simu, ngazi hiyo ya kushukia imeshaondolewa karibu yote. AT&T walizima 2G mwanzoni mwa 2017, na 3G Februari 2022. T-Mobile walizima 3G yao Julai mwaka huohuo. Verizon, ambao 3G yao ilikuwa CDMA, mfumo mwingine kabisa na wa kwetu, walimaliza mwisho wa 2022. Sauti sasa inapita ndani ya 4G kwa utaratibu wa VoLTE. Simu iwe nao, na mtandao nao uitambue modeli hiyo. Simu inaweza kuwa na VoLTE iliyopangwa kwa mitandao ya nyumbani tu, na huku ikakosa sauti.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Familia moja ilitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, ikapangiwa nyumba si mbali na kwangu. Baba alikuja na simu aliyoinunua Kasulu, akawekewa laini ya hapa. WhatsApp ikafunguka, sauti za ndugu zikaingia, picha zikaenda. Kila mtu akaona simu nzima. Usiku mmoja mtoto akashikwa na degedege, baba akapiga 911, namba ya dharura ya huku, simu haikutoka. Akapiga tena, kimya. Mke wake akakimbia kugonga kwa jirani, Mmarekani mzee, ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Mtoto alipona, Mungu ni mwema. Lakini tangu hapo nikisikia mtu anasema "simu yangu iko sawa, WhatsApp inafunguka", siwezi kunyamaza. WhatsApp ni intaneti tu, na 911 inataka njia ya sauti.

Ukishapata laini, usiijaribu kwa kupiga 911, utawasumbua watu wa kazi. Zima Wi-Fi, mpigie mtu kwa laini ya kawaida, kisha mwambie naye akupigie. Sikilizaneni. Kama simu haitoki au haiingii, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta VoLTE na uiwashe. Ikikataa bado, nunua simu ya hapa, hata ya bei ndogo, siku hiyohiyo. Hasa nyumba yenye mtoto mdogo, mjamzito au mzee.

Kuna na suala la bendi, yaani mafungu ya masafa yaliyopewa namba. Masafa ya chini huenda mbali na hupenya kuta vizuri, kwa hiyo ndiyo yanayokupa mtandao shambani na kwenye vyumba vya chini ya ardhi, ambavyo Ohio ni vingi. T-Mobile wana 600 MHz, Bendi 71, masafa yaliyokuwa ya televisheni mpaka yakauzwa kwenye mnada uliomalizika 2017. Simu nyingi za kwetu hazina Bendi 71. Na msidanganyike na namba kufanana: 700 ya Tanzania ni Bendi 28, simu inapokea kuanzia 758 MHz kwenda juu, wakati Bendi 12 ya huku inapokea kati ya 729 na 746. Zote zinaitwa 700, hazikutani. Simu yenye 28 bila 12 wala 71 itashika vizuri mjini kwenye Bendi 2 au 4 ikiwa inazo, ukitoka nje kidogo ya mji inaweza kupoteza mtandao. Huko ndiko kwenye maghala wanakofanya kazi wengi wetu.

Namba nazo zishughulikiwe kabla ya safari. Nyumbani tumezoea kuhifadhi 0713 au 0754, na Kenya tunapiga kwa 005, Uganda kwa 006. Hizo njia za mkato ni za kwetu tu, ukiwa huku hazifiki popote. Kutoka simu ya mezani ya Marekani unaanza na 011, kutoka Tanzania unaanza na 000, lakini kwenye simu ya mkononi alama ya kujumlisha inatosha ukiwa nchi yoyote. Kaa chini jioni moja, badilisha namba zote: toa sufuri ya mwanzo, au ile 005 au 006, weka msimbo wa nchi: +255, au +254 kwa Kenya, au +243 kwa ndugu wa Kongo. Namba ya mama iandike na kwenye karatasi, iweke ndani ya pasipoti. Na wanaobaki waachie maelekezo kwamba namba yako mpya itaanza na +1 ikifuatiwa na tarakimu kumi, wasiweke sufuri mbele.